Poda Haimwagwi Juu ya Matumaini

Jumatatu, 28 Aprili

Barua pepe nyingine kutoka chuoni kwa binti yangu Séphora. Siwezi kumlaumu mtu, nilijiandikisha mwenyewe kupokea habari za wazazi. "Matukio na Matangazo ya Mwisho wa Muhula." Nimeisoma yote wakati wa mapumziko, kando ya mkanda wa vifurushi, mpaka chai ikapoa na msimamizi akaanza kukohoa.

Kwanza, mbwa. Chuo kitaleta mbwa maktabani ili wanafunzi wawakune shingoni na kutuliza roho kabla ya mitihani. Mbwa wenye mafunzo. Wenye vyeti! Yaani kuna mbwa huko Buffalo aliyehitimu kabla ya binti yangu. Sisi tulipofanya examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari, pale Bukavu kulikuwa na mbwa mmoja tu, wa mlinzi wa shule, na hakuna aliyemkuna akabaki na kidole.

Pili, pankeki. Maprofesa watavaa aproni na kuwapikia wanafunzi chakula cha asubuhi, jioni. Naunga mkono, kwa sharti moja: profesa asahihishe mitihani huku mkono ungali na siagi.

Tatu, mayowe. Siku moja kabla ya mitihani wanafunzi wote watakusanyika uwanjani na kupiga mayowe kwa pamoja, kwa kibali cha ofisi. Sababu? Hakuna. Mayowe tu, ya afya.

Nne, chini kabisa, kwa herufi za kuvizia: siku ya mahafali wageni wanaombwa wasipige makofi wala kelele yoyote mpaka majina yote yasomwe.

Donc, basi. Kelele bila sababu, ruhusa. Kelele kwa sababu, marufuku. Nchi hii inahitaji mtu wa kuiandikia.


Jumanne, 29 Aprili

Nimeiandikia. Makala yangu ya Bila Sukari ya leo imekwenda kwenye magrupu yote matatu ya WhatsApp — Louisville, Columbus, Buffalo. Kichwa: "Mtoto Asiye na Watu." Hoja yangu: kwetu, mtoto akitajwa jina mbele ya umati na pakawa kimya, watu hugeuka kutazamana. Huyu hana mama? Hana shangazi? Kaokotwa wapi? Nimenukuu Warumi: furahini pamoja nao wafurahio. Nimezitaja kuta za Yeriko, ambazo hazikuanguka kwa makofi yaliyosubiri mwisho wa programu. Nadhani ni moja ya makala zangu bora, na nimeishasema hivyo kuhusu nyingine, lakini hii ni kweli.

Buffalo wamejibu amina. Louisville wamejibu amina na ngoma. Columbus — Medard ameweka picha ya kijiko.

Kijiko! Kijiko tu. Medard ni kaka mkubwa wa Bagula mume wangu, anakaa Reynoldsburg pembeni ya Columbus, na hajajibu makala yangu hata moja tangu ile ya Elisée mwanawe. Alimfanyia Elisée karamu ya kuhitimu, ng'ombe nusu, kwaya mbili, poda ya kummwagia mhitimu kichwani, kisha ikajulikana kijana bado ana somo moja hajalimaliza. Niliandika. Nani angenyamaza? Kuna sentensi moja humo ambayo watu bado wanainukuu kwenye matanga na harusi: "Poda humwagwa juu ya matokeo, haimwagwi juu ya matumaini." Sikulitaja jina lake. Nilisema tu "baba mmoja wa Reynoldsburg mwenye sharubu."

Bagula anasema huenda kidole kilimteleza. Bagula angemtetea kaka yake hata mbele ya Mungu, kwa sauti ileile ndogo.


Alhamisi, 1 Mei

Séphora amepiga simu. Akikasirika anasema Kiingereza. Akiomba anasema Kiswahili. Leo alianza kwa Kiswahili, nikakaa chini.

"Mama, minakuomba kitu moja tu. Siku ile usipige vigelegele. Na poda, hapana."

Nikamuuliza kama ni ile barua pepe ya chuo. Hapana. Kama anaona aibu. Hapana. Kama rafiki zake ni watu wa kuchukia furaha. Hapana, mama. Basi nini? Akasema anakwenda kusoma takwimu. Tangu Januari ni takwimu, takwimu. Uuguzi gani huu wa kuhesabu wagonjwa badala ya kuwatibu?

Ni aibu, najua. Nimemlea Mmarekani.

Poda, hapana! Mimi siku ya proclamation, matokeo yanapotangazwa, walinitaja wa tatu, mbele ya wazazi wote pale uani kwa shule, na asilimia zangu zikasomwa kwa sauti. Mama yangu alinimwagia kopo zima la poda ya watoto. Nilipita sokoni mweupe kama mwoka mikate. Wauza ndizi wasionijua walisimama kunipigia vigelegele. Poda ilikuwa inasema yote. Nilipiga chafya mpaka Jumapili, na ile ilikuwa chafya ya heshima.


Jumamosi, 3 Mei

Derby, mbio za farasi. Mji mzima umevaa kofia. Nimemwona mama mmoja kwenye mataa ya Preston Highway amebeba kichwani kitu kama kiota, na ndani yake ndege, na ndege naye ana kofia. Watu wazima wanakwenda kupigia farasi mayowe. Farasi anatajwa jina, umati unasimama, mabibi wanalia! Na farasi hajasoma hata muhula mmoja.

Bagula amesema naruhusiwa kuiwaza hoja hiyo lakini nisiitume leo, kwa sababu bosi wake amebeti.

Alasiri akaja Hyacinthe, rais wa komite ya jumuiya yetu ya hapa Okolona, Louisville. Amevaa suti. Akatuarifu kwamba komite imekata kitenge cha sare, na watu watakaa viti vya mbele. Nikamwambia tiketi ni nne. Akauliza chuo kiliwasiliana na nani kabla ya kuamua hivyo. Swali zuri. Kisha akatoa mfukoni hotuba aliyoiandika, "kwa ile saa wazazi watapewa neno." Nikamweleza kwamba hapa wazazi hawapewi neno. Hyacinthe alinicheka kwa upole, kama unavyomcheka mgonjwa wa malaria anayeongea na pazia. Sherehe gani wazazi hawapewi neno? Akaiacha hotuba juu ya meza.

Tiketi nne. Mimi. Bagula. Grâce, dada yake Bagula wa Black Rock, kulekule Buffalo, ambaye Séphora anakula kwake kila Jumapili. Na ya nne — Medard. Bagula amesema baba mkubwa asipoingia, yeye atakaa garini. Nimeleta hoja. Akaendelea kukaza nati ya kiti cha jikoni. Nimeleta hoja nyingine. Nati imekazika sana.

Mtoto wa Grâce, Hadassa, yuko darasa la kwanza na hana tiketi. Grâce amesoma kanuni na kugundua kwamba mtoto wa kubebwa hahitaji. "Basi atabebwa," amesema.


Jumapili, 11 Mei

Siku ya akina mama. Maua kutoka kwa Séphora, na kadi: asante kwa kunisikiliza. Hajasema nimesikiliza nini. Ni mjanja, amenishukuru kabla sijakubali. Hiyo mbinu ni yangu!

Basi nimekubali kujaribu. Baada ya ibada tukafanya mazoezi sebuleni. Bagula alijifunga shuka begani akawa rekta, mkuu wa chuo. Akasimama mbele ya televisheni akisoma majina kutoka kwenye bahasha za bili: kampuni ya umeme, ya maji, ya simu. Mimi kwenye kochi, mikono magotini. Kampuni ya umeme ikapita, nikanyamaza vizuri. Kampuni ya maji, nikanyamaza. Kisha, kwa sauti ya rekta: "Séphora Bagula."

Sikumbuki kilichotokea. Bagula anasema jirani wa juu aligonga sakafu na gari moja nje likaanza kulia lenyewe.

Mara ya pili niliuma ncha ya kitenge. Sauti ilitoka puani.

Mara ya tatu nilinyamaza. Nilinyamaza kabisa, Bagula akapita mbele yangu na shuka lake, akapokea diploma kwa mkono wake mwenyewe, na sebule ikawa kimya. Tukatazamana. Akavua shuka. "Hapana," akasema, "hiyo inatisha."


Jumatano, 14 Mei

Séphora ameandika mtihani wa takwimu. Nimemuuliza ulikwendaje. "Fine."

Fine ni neno la mtu aliyegonga gari la watu.


Alhamisi, 15 Mei. Reynoldsburg

Tumeondoka Okolona asubuhi, mvua kidogo, Bagula usukani, hotuba ya Hyacinthe ndani ya sanduku la huduma ya kwanza. Ameishapiga simu mara mbili kuuliza tumefika wapi na kama nimeisoma aya ya utangulizi.

Hakuna njia ya kwenda Buffalo bila kupita kwa kaka mkubwa. Yaani barabara ipo, heshima haipo. Medard alitupokea mlangoni na sharubu zake. Akamkumbatia Bagula. Mimi akanipa mkono, akauliza habari za Louisville, za kazi, za magoti yangu. Medard ni mtu wa kunyamaza, lakini ananyamaza kama wengine wanavyotukana.

Chai alimimina mwenyewe, jambo ambalo sijawahi kuliona. Bagula sukari, vijiko vitatu. Elisée sukari. Kikombe changu, bila sukari, akakiweka mbele yangu taratibu, na pembeni yake kijiko kikavu.

"Ya mama Séphora," akasema. "Tunajua anavyoipenda."

Kijiko! Amekaa nacho wiki mbili akinisubiri kwenye barabara kuu! Elisée alicheka ndani ya kikombe, chai ikamrukia shati. Nilikunywa yote. Sikukunja uso. Nikaomba kikombe cha pili.

Elisée sasa ni meneja wa duka la viatu, kijana mpole, ana namna ya kukuangalia miguu kwanza. Nikiwa kwenye kikombe cha pili akasema, kwa nia njema tu, kwamba uzuri wa mahafali ya hapa ni kuwa hakuna wasiwasi, maana siku hiyo maksi bado hazijatoka.

Nikamwambia arudie.

Akarudia kwa utaratibu, kama anayemweleza mteja kwamba namba yake imekwisha. Mtihani wa mwisho wiki hii, sherehe Jumamosi, maksi wiki ijayo. Anayepita jukwaani anapewa jalada. "Ndani hamuna kitu, mama mdogo. Diploma inakuja na posta." Nikauliza: kwa hiyo anaweza kutajwa mtu aliyeanguka? Ndiyo. Anapita, anapigwa picha, mama yake analia, na Jumatatu anaambiwa? Inatokea. Chuo hiki tu? Vyote, mama mdogo. Amerika mzima.

Amerika mzima! Nchi nzima ya vyuo inafanya proclamation kabla ya matokeo! Milioni za watu wanamwaga poda juu ya—

Hapo nikasikia jinsi sentensi yangu ilivyokuwa inakwenda, nikaisimamisha. Nilikuwa nimechelewa. Medard hakuinua macho kwenye sahani ya maharage.

"Poda humwagwa juu ya matokeo," akasema. "Haimwagwi juu ya matumaini."

Maneno yangu. Na pumzi ya katikati akaiweka palepale nilipoweka nukta.

Nilijibu nini? Nilikuwa na mdomo uliojaa chai chungu. Bagula akaomba maharage yaongezwe.


Ijumaa, 16 Mei. Black Rock

Gari moja sasa, wanne. Medard mbele na Bagula, mimi nyuma na Elisée, ambaye hana tiketi ila anataka kumwona binamu yake. Kutoka Columbus mpaka ziwani Medard hakusema neno, isipokuwa mara moja, kwamba gari linavuta kulia. Buffalo wana upepo ambao haujaambiwa kuwa ni mwezi wa tano.

Grâce ametuwekea sombe, majani ya muhogo, na samaki. Nyumba yake iko karibu na mto, treni ikipita vikombe vinasogea vyenyewe kabatini. Mezani kopo la poda ya watoto, kubwa, lenye harufu ya maua. Nikamwambia poda hapana, Séphora amekataa. Grâce akaniuliza ni shangazi gani huenda kwenye proclamation mikono mitupu. Nikamwambia si proclamation, ni — sikupata neno. Ni mazoezi ya proclamation. Hadassa naye alikuwa anafanya mazoezi ya kuwa mtoto mchanga: amelala chali kwenye zulia na vidole mdomoni, akiuliza kwa Kiingereza kama anaonekana mdogo vya kutosha.

Séphora alikuja kwa basi, joho ndani ya mfuko wa plastiki. Amekonda. Nilimvuta jikoni kunisaidia kumenya ndizi, na tulipobaki wawili akasema, macho kwenye kisu:

"Mama, takwimu haikwenda."

Nikauliza haikwenda vipi. Haikwenda. Profesa bado hajatoa maksi. Akianguka atarudia majira haya ya joto, na kazi ya hospitali aliyoahidiwa itampa mwingine. Hajalala tangu Jumanne. Kila saa anafungua simu kuangalia.

Basi ile simu yake haikuwa aibu. Nilikuwa nimekwisha kuandaa makala nzima kuhusu aibu! Nikamwambia kwa nini hukuniambia mapema, mimi ni mama yako. Akaweka kisu chini.

"Elisée ulimuandika. Kila mutu alisoma, mpaka hapa. Na miye nilisoma kwa basi, nikacheka. Sasa kesho munimwangie poda, na Jumatatu nianguke. Nani ataandika? Kama ni wewe, mimi nimekufa. Kama si wewe, watasema umemulinda mutoto yako."

Nikaleta hoja tatu. Ya kwanza, kwamba Elisée alifanyiwa karamu ya ng'ombe na hapa hakuna ng'ombe. Ya pili, kwamba makala ile ilihusu kanuni, haikumhusu mtu. Ya tatu nilikuwa bado naitafuta.

"Mom," akasema.

Nimejadiliana na maaskofu. Nimemnyamazisha mwanasheria kwenye harusi yake mwenyewe. Neno moja, silabi moja, na nimebaki na ganda la ndizi mkononi.

Nikamwahidi. Kesho mdomo umefungwa, poda inabaki koponi. Akanikumbatia kwa mikono yenye utomvu. Nilipotoka nikamkuta Medard amesimama ukumbini kwa Grâce, kati ya jikoni na sebule, ana kikombe kitupu. Sijui alisikia kiasi gani. Akaniuliza kama sukari iko jikoni. Nikamwambia iko.


Jumamosi, 17 Mei. Ndani ya ukumbi

Naandika ili mdomo usipate nafasi. Mkono ukifanya kazi, mdomo hupumzika — nimeligundua leo, katika umri huu.

Mlangoni: mikoba yote lazima iwe ya plastiki ya kuonekana ndani. Ya Grâce inaonekana vizuri sana, na katikati yake kopo la poda kama kanisa kijijini. Mlinzi akaliinua. Grâce hakujibu kwa maneno, aligeuka tu na kumwonyesha mgongo. Mgongoni Hadassa, amefungwa kitenge, macho yamebanwa, viatu vya mpira vinaning'inia karibu na magoti ya Grâce. Mlinzi akauliza mtoto ana umri gani. Hadassa, bila kufungua macho, akamjibu kwa Kiingereza safi kwamba yeye ni mtoto mchanga. Yule bwana alitazama viatu. Akatazama dari. Kisha akatufungulia mlango na kutushikia.

Tumekaa: Bagula, mimi, Medard, Grâce na mchanga wake. Elisée yuko nyumbani kwa Grâce, anaitazama sherehe kwenye kompyuta na kutuonea huruma.

Hotuba. Bwana mmoja mwenye joho la rangi za kasuku amesema wahitimu ni mbegu. Mwingine amesema ni daraja. Mama wa tatu amesema ni mbegu tena, hawakupanga. Hyacinthe ameandika kwenye simu ya Bagula: wazazi wamepewa neno? Bado, kaka.

Séphora yuko chini kule, mstari wa pili upande wa kushoto. Nyuma ya kofia tu. Namjua kwa jinsi kofia ilivyokaa vibaya.

Wameomba tena, kwa kipaza sauti: tafadhali, hakuna makofi mpaka jina la mwisho. Nimekaza meno. Bagula amenishika goti.

Majina! Na wanaanza na A. Hawafuati asilimia, hawafuati bidii, wanafuata A! Mtu anatangulia mbele ya wote kwa bahati tu ya jina la babu yake. Na sisi ni B. Nilidhani nitapata saa nzima ya kujiandaa.

Jina la kwanza — honi! Honi ya lori, ndani ya koti la mtu, safu mbili mbele yetu! Ukumbi wote umeruka. Mlinzi amecheka. Jina la pili: familia nzima imesimama, bibi anapeperusha taulo. La tatu, filimbi. Hakuna anayekamatwa! Sheria inavunjwa kwa mpangilio wa alfabeti, na mimi, mimi peke yangu katika jimbo lote la New York, nimeitii.

La nne, kijana mrefu. Limesomwa. Kimya. Hakuna honi, hakuna taulo. Amepita jukwaa zima na nimesikia viatu vyake. Kila hatua. Amepokea jalada lake tupu na kushuka, na ametazama juu viti vyetu vyote mara moja, haraka, kama mtu anayejua hakuna kitu lakini anaangalia tu.

Sikuweza. Nimempigia makofi, kidogo, chini ya shajara. Hiyo haimo kwenye ahadi.

Mstari wa Séphora umesimama. Wanapanda kwenda ngazini. Ana simu mkononi! Anaitazama. Ni maksi? Wametoa leo? Elisée alisema wiki ijayo. Ameiinamia. Bado ameiinamia. Kutoka huku siwezi kuona uso, naona kofia tu, na kofia haisemi. Ameitia simu ndani ya mkono wa joho. Sasa anatutafuta. Anapitisha macho safu kwa safu. Bagula ameinua mkono. Ametuona. Analia, au anacheka, mbali hivi ni kitu kimoja.

Kama amefaulu, nikipiga vigelegele sivunji kanuni yangu. Kama ameanguka — kama ameanguka ndipo hasa asisikie viatu vyake.

Medard ameniinamia. Ni mara ya kwanza leo anafungua mdomo. Ametazama mbele akiongea, kama anaongea na rekta.

"Elisée alimaliza ile somo Desemba. Alikataa kuvaa joho, alisema batu batacheka. Mimi sikumupigia hata kofi." Amepangusa sharubu. "Poda yake iko bado kwa kabati."

Nimeiandika sentensi hiyo kama ilivyo.

Amenyoosha mkono mbele ya Grâce bila kuomba. Grâce amempa kopo. Amelifungua, kwa kidole gumba, taratibu, na harufu ya maua imepanda. Hadassa amefungua jicho moja.

"Weka kalamu, mama Séphora. Hiyo kazi ni ya mikono miwili."

Na Jumatatu? nimemuuliza. Maksi zikitoka mbaya, nani ataandika?

"Utaandika kwamba mimi ndiye nilimwaga," amesema. "Baba mmoja wa Reynoldsburg mwenye sharubu."

Mtu wa kipaza sauti ameona jina la kwetu kwenye kadi na anavuta pumzi. Séphora yuko ngazi ya juu, hatazami jukwaa, anatazama hapa. Sijui kama amefaulu. Bagula ananisukumia simu. Hyacinthe tena: wazazi wamepewa neno?

Mwambie ndiyo. Mwambie ndio tunapewa sasa